Stara Hii Inamfunika Nani?

Baba mkubwa alisimama kwenye korido ya wodi, chupa ya uji mkononi. Ilikuwa asubuhi, saa ya kuona wagonjwa, na mama mkubwa alikuwa na siku ya nne pale. Muuguzi wa zamu, kijana mwenye adabu zake, akatusogelea, akamshika mzee mkono, akasema kwa sauti ya chini: "Mzee, pole sana. Mama ametangulia."

Baba mkubwa akaitikia kwa kichwa, kisha akanigeukia mimi. "Ametangulia na nani? Mbona hamkunipigia simu nije na gari?"

Alidhani mkewe ameruhusiwa. Muuguzi akaniangalia, nami nikaangalia sakafu. Mwishowe ikabidi nilitamke mimi: "Baba, mama amefariki." Ile chupa ya uji hakuiweka chini mpaka tulipofika nyumbani.

Simlaumu yule kijana. Alifanya alivyolelewa, maana kwetu neno zito halibwagwi mbele ya mtu mzima kama gunia la mkaa. Msikitini, kanisani au kwenye tangazo la redio, "ametangulia mbele za haki" lingeeleweka na kila mtu. Kosa ni kwamba alilikata katikati, akampa mzee ambaye tangu alfajiri alikuwa anasubiri kuambiwa mgonjwa wake atatoka lini.

Tafsida (wengine huiita tasfida) walimu hutufundisha kuwa ni kupunguza ukali wa maneno. Ni kweli, lakini haituambii ni wakati gani ukali upunguzwe na wakati gani uachwe ulivyo. Mimi hutumia kipimo kimoja nilichokiokota kwa wazee wa pwani, ambao hawachoki kuitaja stara. Stara ni kifuniko, na kila kifuniko kina anayefunikwa. Kabla ya kulainisha neno, jiulize: stara hii inamfunika nani? Ikiwa ni anayeumia au anayeona haya, itumie bila wasiwasi. Ikiwa ni wewe msemaji kwa woga wako, au ni mtu aliyekosa, basi ivue.

Tuanze na misiba, kwa kuwa ndiko Kiswahili kilikowekeza maneno mengi zaidi. Mtu hufariki, huaga dunia, hututoka, hutangulia, hupumzika, hurejea kwa Mola wake, tunasema hatunaye. Kisha tunamwita marehemu, yaani aliyerehemewa, na hapo tumeshamwombea dua bila kukusudia. Kufa tumewaachia ng'ombe, betri na simu, ingawa ndani ya familia "baba alikufa mwaka wa njaa" husemwa na hakuna anayekereka. Ukali wa neno kufa hutegemea linatoka kinywani mwa nani: mtoto wa marehemu analo, daktari mgeni hana.

Ushauri wangu kwa anayebeba habari ni huu: neno la kwanza liwe "amefariki". Ndilo neno linalochukua mizigo yote miwili. Asili yake ya Kiarabu ni kutengana, kwa hiyo halikwaruzi, na hakuna msikilizaji wa Kiswahili, awe wa Kigoma au Lamu, atakayeuliza amefariki kwenda wapi. Likishasikika, ndipo uyaalike mengine: ametutoka, ametangulia, Mungu amlaze pema. Yale ni ya kufariji, na huwezi kumfariji mtu kwa jambo ambalo bado hajalijua.

Kuna desturi nyingine ambayo wageni huiona kama uongo, nami naitetea. Ndugu yuko mbali, pengine yuko barabarani, na nyumbani kumetokea msiba. Anapigiwa simu: "Njoo, mama amezidiwa." Kila aliyekulia huku anajua namna moyo unavyoanza kwenda mbio akisikia hivyo, nusu ya habari ameshaipata. Inayolainishwa hapo ni saa ya habari kufika, na anayefunikwa ni mtu ambaye angeweza kuanguka stendi peke yake au kuacha usukani. Haidhuru, ila iwe na mwisho. Akishafika na kushikwa mkono na watu wake, aambiwe wazi. Nimeona mtu akizungushwa na "amezidiwa" hadi anakuta watu wanarudi makaburini. Hiyo si stara tena.

Watoto nao wana hesabu yao. Ukimwambia mtoto wa miaka minne kwamba babu amelala, umempa sababu ya kuogopa kitanda. Ukimwambia amesafiri, atamsubiri, na babu asiporudi atahesabu kwamba babu hakumpenda. Mwambie babu amekufa, hapumui tena, haumwi tena, na hatarudi. Mtoto huuliza maswali yake mawili matatu, halafu hurudi kucheza. Sisi watu wazima ndio tunaobaki tumesimama.

Kuhusu mambo ya mwili lugha yetu ina adabu nzuri ambayo sitaki iguswe. Mwanamke hujifungua, na neno hilo linatoa picha ya fundo linalolegea baada ya miezi tisa. Mtu huenda haja, hujisaidia, huenda msalani. Wazee wa pwani walitabawali. Mwanamke huwa mwezini. Haya yanamfunika anayesema na anayesikia kwa pamoja, na kila mtu anaelewa. Maneno haya huchakaa kama kanga: la jana lililokuwa la adabu leo linanuka, likatafutwa jingine. Hata mvua ilipatwa na hayo. Zamani ilikuwa ikinya, bila aibu yoyote, na lahaja za pwani bado zinalikumbuka neno hilo. Kwa vile kitenzi kile kiliishia chooni, mvua ikahamia kwenye kunyesha. Kwa hiyo usimcheke mtu anayetumia neno la zamani wala usimkemee anayetumia la leo. Sikiliza watu wa mahali ulipo wanasemaje, nawe useme hivyo hivyo.

Ila mlangoni mwa zahanati adabu hiyo ilegezwe kidogo. "Umepata choo?" ni swali la kawaida la daktari, na nimemsikia mgonjwa aliyeletwa kutoka kijijini akijibu kwa heshima: "Ndiyo, nimeonyeshwa, kiko pale nje." Hilo linachekesha. Hili linalofuata halichekeshi. Binti anaulizwa kama ameshawahi kufanya tendo la ndoa. Anajibu hapana, na hajadanganya, maana hajaolewa. Tumelipa tendo hilo jina la ndoa hata pale pasipo na ndoa, kisha tunashangaa majibu hayalingani na vipimo. Wewe unayeuliza, sema kujamiiana au kukutana kimwili na mwanamume, na ukiona uso wa binti haujaelewa, eleza zaidi. Wewe unayejibu, ukiwa na dukuduku kama mmeelewana, uliza maana yake. Ndani ya chumba kile aibu haina kazi, na waliosema mficha uchi hazai hawakuwa wakitania.

Tuliwahi kulipa sana kwa ajili ya maneno laini. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Huko mpakani watu waliuita Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikivushwa kutoka Uganda. Waganda wenyewe waliuita slimu, kwa jinsi ulivyokondesha. Mjini ukawa ngoma, ukawa umeme unaokanyagwa, na kwenye matangazo ya vifo ukawa "baada ya kuugua kwa muda mrefu". Maneno hayo sita yalisomwa na nchi nzima na kila mtu alijua yana maana gani, isipokuwa pengine mjane aliyehitaji kwenda kupima. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alisimama mbele ya Waganda akasema anao, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amefariki. Serikali za kwetu zilichelewa: ilikuwa Novemba 1999 Rais Moi alipoutangaza kuwa janga la taifa nchini Kenya, na siku ya mwisho ya mwaka huo huo Rais Mkapa akafanya hivyo Tanzania. Miaka kumi na sita tangu Kagera. Stara ile ilimfunika nani? Kwa kiasi fulani iliifunika familia dhidi ya majirani, sikatai. Zaidi iliufunika ugonjwa wenyewe.

Sasa nije penye uchafu. Nilikwenda ofisi moja ya umma kufuatilia hati, mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu karani akanitazama kwa huruma akasema, "Faili lako limelala, mzee. Linahitaji kuamshwa." Nikamjibu kwa upole ule ule: "Sawa kijana. Niliamshe kwa shilingi ngapi, na risiti naichukua dirisha gani?" Akacheka, akasema nirudi Alhamisi. Alhamisi faili lilikuwa macho.

Hongo haina nguvu ikiitwa hongo, ndiyo maana imejaliwa majina mengi kuliko mtoto wa tajiri: chai, soda, kitu kidogo, pesa ya maji, asante, mlungula kwa wanaopenda maneno mazito. Anayekuomba chai hakuombi tu pesa; anakuomba umsaidie asijisikie mwizi. Usimsaidie. Huna haja ya kumtukana wala kumhubiria. Uliza swali la kawaida ambalo mtu yeyote anayelipa ada huuliza: ni ada gani, ni kiasi gani, risiti iko wapi. Tafsida hufa mbele ya risiti.

Kuna wakati Tanzania iliipa chai heshima ya sheria. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa, ikaingizwa takrima: kile ambacho mgombea angewapa wapiga kura kwa nia njema, kama ukarimu wa kawaida wa kimila, kisihesabiwe rushwa. Neno lenyewe ni safi. Ni ndugu wa karimu na ukarimu, na ni nani atakayekataza kukirimiana? Lakini anayekirimu ni mwenyeji, na mgeni ndiye hufika. Hapa aliyepita nyumba kwa nyumba alikuwa mgombea, na alichokuja kukitafuta kilijulikana. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzake walikwenda mahakamani, na Aprili 2006 Mahakama Kuu jijini Dar es Salaam ikavifuta vifungu hivyo kwa kuwa vinakwenda kinyume na Katiba. Ilichukua miaka sita kwa neno moja zuri kuvuliwa nguo.

Wahenga walilimaliza jambo hili kwa maneno machache: anya kuku, akinya bata kaharisha. Siku hizi ni kinyume chake kwa wakubwa. Kijana akichukua kuku wa jirani ni mwizi, na pengine hatafika kituoni salama. Mkubwa akichukua fedha za zahanati amefanya ubadhirifu, au kumekuwa na matumizi yasiyozingatia taratibu, au fedha "zimepotea", kana kwamba fedha zina miguu. Akiondolewa, atapangiwa kazi nyingine. Mtumishi mdogo naye hustaafishwa kwa manufaa ya umma, na huo umma haujaulizwa. Bei haipandi, inarekebishwa. Njaa haipo, upo upungufu wa chakula. Umeme ukikatwa tunaambiwa upo mgao, na mgao kwa Kiswahili cha nyumbani ni kile unachopewa, si unachonyimwa. Juu ya yote limekaa neno changamoto, ambalo limekula matatizo, makosa, uzembe na wizi, na bado lina njaa. Siku niliposoma barua ya shule kwamba darasa "lina changamoto ya mwalimu", ilinichukua muda kuelewa kuwa mwalimu hayupo.

Msomaji, ukikutana na sentensi ya namna hiyo, ifanyie jaribio dogo. Toa neno laini, weka kavu, halafu tafuta mtenda. "Fedha zimepotea" iwe "fedha zimeibwa". Sasa uliza, zimeibwa na nani? Sentensi ikikosa jibu, umeona ilichokuwa imefunika. Nawe uliye upande wa pili, uliyeagizwa uandike barua ya kumwachisha mtu kazi, mpunguzie maneno ya pole na umwongezee tarehe: siku yake ya mwisho, malipo yake ni kiasi gani, atayapata lini, atamwona nani. Mtu aliyefukuzwa hali shukrani za kurasa mbili.

Katika mambo madogo ya kila siku hali ni hiyo hiyo, nayo sitakaa sana. "Tutaangalia" ni hapana. "Tutawasiliana" baada ya usaili mara nyingi ni hapana. Inshallah ya kweli ni ahadi ya mtu anayemcha Mungu, na inasikitisha kwamba baadhi yetu tumeigeuza kuwa mlango wa kutokea. Ukitaka kumkopa rafiki, acha kumzungusha kwa "mambo hayajakaa sawa". Mtajie kiasi na siku utakayorudisha. Ukitaka kumnyima, mnyime mapema ili akatafute kwingine.

Kwa majina ya watu, hasa watu wenye ulemavu, kipimo changu cha stara kinahitaji nyongeza: muulize mwenyewe. Lugha yetu iliwaweka kwenye ngeli ya vitu: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Ndipo likaja mlemavu, lililowarudisha kwenye ngeli ya watu, na baadaye mtu mwenye ulemavu, ambalo Tanzania ililiweka kwenye jina la sheria yake ya mwaka 2010. Wasioona wengi hupenda kuitwa wasioona. Zeruzeru ni tusi, liache. Sema mtu mwenye ualbino. Hadi hapo mtu anaweza kudhani kanuni ni rahisi, kwamba kila neno la zamani ni baya na kila neno refu ni zuri. Lakini waulize viziwi. Chama chao kinaitwa CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, na jina hilo wamelishika. Wana lugha yao ya alama na utambulisho wao, na ukiwaita "watu wenye matatizo ya kusikia" wengi wao watakuuliza tatizo ni la nani. Hapo tafsida ilikuwa inaifunika aibu ya mwenye masikio.

Nimelibakiza la mwisho kwa sababu ndilo linalonikosesha usingizi. Katika nyumba zetu mtoto hufundishwa jicho ni jicho, goti ni goti, lakini akifika kiunoni anapewa dudu, au kitumbua, au jina jingine lililobuniwa na bibi yake. Wazazi hufanya hivyo kwa mapenzi. Sasa mfikirie mtoto wa miaka sita anayerudi nyumbani jioni akamwambia dada wa kazi, "Anko kanichukulia kitumbua changu." Dada anamjibu atamnunulia kingine kesho. Mtoto amejaribu kusema, mara moja, na huenda asijaribu tena. Hata akifikishwa kwenye Dawati la Jinsia na Watoto kituoni, ofisa aliye mbele yake hajui msamiati wa nyumba yenu.

Na jambo likishajulikana, watu wazima nao hushusha maneno yao laini. Wanasema alimchezea. Alimharibia masomo. Ni mambo ya kifamilia, wamemalizana. Rudia kipimo: stara hii inamfunika nani? Mtoto ameshaumizwa na ameshaachwa uchi. Hakuna neno hapo lililokatwa kwa kipimo cha mwili wake. Kubaka kuitwe kubaka. Mtoto astirike kwa namna nyingine: jina lake lisitangazwe, picha yake isirushwe kwenye makundi ya simu, asisimuliwe mbele ya majirani.

Kwa hiyo leo jioni, unapomwogesha mtoto, ongeza maneno mawili kwenye orodha ya jicho na goti: uume na uke. Yatamke kwa sauti unayotamkia goti. Mwambie hizo ni sehemu zake za siri, ajue siri hapo maana yake ni kwamba hazichezewi na mtu, wala si kwamba akichezewa anyamaze. Mkitaka msaada, Kenya na Tanzania zina namba moja ya kuwasaidia watoto, 116, na kuipiga ni bure.